Ulale Wapi Kando ya Mto Yukon: Fungu la Kokoto, Ukingo wa Juu au Ndani ya Nyumba ya Magogo?

Msafiri anayeshuka Mto Yukon kwa mtumbwi kutoka mji mdogo wa Eagle hadi Circle, katika jimbo la Alaska nchini Marekani, hupiga kafi takriban kilomita 254 bila kukutana na daraja, duka wala mnara wa simu. Sehemu kubwa ya njia hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yukon-Charley Rivers, iliyotengwa mwaka 1980, ambayo ukubwa wake ni karibu hekta milioni moja. Humo hamna viwanja vya kambi vilivyopimwa na kuwekewa namba, hamna bomba la maji, wala hamna mtu wa kukuelekeza pa kusimika hema. Kulala hakudai kibali wala malipo. Kunadai uamuzi mzuri, na mara nyingi uamuzi huo hufanywa jioni, mwili umechoka na mikono inauma, huku mkondo ukiendelea kukusukuma mbele iwe umeamua au hujaamua.

Baada ya nusu ya safari, kijito kiitwacho Coal Creek huingia mtoni, na mdomoni mwake ndipo penye nyumba maarufu zaidi katika hifadhi hiyo: Slaven's Roadhouse, jengo la magogo lenye ghorofa ambalo Frank Slaven alilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1930 ili kuwapa malazi wasafiri na wachimbaji wa dhahabu. Ukifuata kijito kuelekea juu utaikuta mashine kubwa inayoelea, iliyofungwa hapo mwaka 1935 ili kuchota changarawe na kuitenga na dhahabu. Mahali pa namna hii, yaani mabaki ya kazi na maisha ya watu kando ya mto mkubwa mbali na barabara, humpa mgeni njia tatu za kulala. Ya kwanza ni kwenye fungu la kokoto, yaani ufuo wa kokoto tupu uliolundikwa na mto, katikati ya mto au pembeni mwake. Ya pili ni kusimika hema kwenye ukingo wa juu, hatua chache kutoka kwenye mabaki yenyewe. Ya tatu ni kulala ndani ya jengo la kale lililotengenezwa upya na kufunguliwa kwa umma, kama Slaven's. Nimezilinganisha zote tatu kwa vipimo vilevile, kwa sababu kila moja ina watu inaowafaa na ina siku ambazo haimfai mtu yeyote.

Vipimo vyenyewe

Nimetumia vipimo sita. Cha kwanza ni mto wenyewe: je, maji yanaweza kukufikia usiku? Cha pili ni viumbe, hasa dubu na mbu. Cha tatu ni madhara ambayo kulala kwako kunayaletea mabaki ya kale. Cha nne ni maji ya kunywa, moto na uzito wa mzigo. Cha tano ni kiasi cha historia unachokipata kwa kulala pale badala ya kwingine. Cha sita ni hali itakuwaje mambo yakiharibika. Starehe sikuiweka katika hesabu, kwa kuwa aliyekosea vipimo hivyo sita haipati hata akibeba godoro.

Juu ya vyote sita naliweka swali moja, ambalo naona ndilo linalostahili kuulizwa kabla ya mtumbwi kugusa nchi kavu: nikikosea hapa, kosa langu litamgharimu nani, na kiasi gani? Kuna mahali ambapo kosa litakulowesha blanketi tu. Kuna mahali ambapo litateketeza nyumba iliyosimama tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Mto

Yukon katika sehemu hii ni mpana, una visiwa vingi, na mkondo wake hukimbia kwa takriban kilomita 10 kwa saa. Maji yake ni mazito kwa mashapo, ambayo mengi huletwa na Mto White kutoka upande wa Kanada, penye barafu za milimani na majivu ya volkano ya kale. Ukiacha kupiga kafi na kukaa kimya utasikia mlio mwembamba chini ya mtumbwi, kama mchanga unaomwagwa polepole juu ya turubai: ni punje za mashapo zikisugua ubavu wa chombo. Mlio huo hukukumbusha kwamba mto huu unabeba nchi nzima mgongoni na kuihamisha, na kwamba ufuo ulioonyeshwa kwenye ramani huenda haupo tena mahali pake.

Fungu la kokoto ndilo linaloathirika zaidi. Mvua ikinyesha milimani, mbali na macho yako, maji yanaweza kupanda usiku ilhali juu yako anga ni safi kabisa. Kinga yake ni rahisi, lakini lazima ifanywe kila jioni bila kuruka hata moja. Kabla ya kupika, chomeka kijiti pale pale maji yanapogusa kokoto, kisha weka alama ya pili hatua moja juu yake. Ukiamka usiku na kukuta kijiti cha kwanza kimesimama ndani ya maji, unajua mto unapanda na unajua umepanda kiasi gani. Hema lisimikwe sehemu ya juu kabisa ya fungu, karibu na vichaka, na mtumbwi uvutwe hadi huko na kufungwa kwenye shina au gogo kubwa. Kuacha mtumbwi umevutwa nusu tu ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote katika safari hii, maana mtu aliyebaki kisiwani bila chombo hana njia ya kutoka.

Ukingo wa juu hauna shida ya maji kupanda kwa kiasi hicho, ila una hatari yake ambayo wageni wengi huipuuza. Upande wa nje wa kila kona mto hula udongo kwa chini, na kingo hizo humomonyoka kwa mafungu makubwa pamoja na miti iliyo juu yake. Ardhi iliyoganda mwaka mzima huyeyuka inapopigwa na maji na jua, na ufa mdogo unaouona kwenye nyasi leo unaweza kuwa ndio mpaka wa ukingo kesho. Hema likae mbali na ukingo, na mahali pa kutia nanga pasiwe chini ya miti iliyoinama juu ya maji.

Nyumba ya magogo imejengwa na watu walioufahamu mto, na kwa safari ya kiangazi ndiyo yenye usumbufu mdogo zaidi wa maji kati ya njia hizi tatu. Hilo lisikufanye ulione jengo lolote la mtoni kuwa salama daima. Mwezi wa Mei mwaka 2009 barafu iliyokuwa ikivunjika ilikwama mtoni karibu na Eagle, maji yakafurika, na mapande ya barafu yakasukuma na kuharibu nyumba nyingi katika mji huo na katika kijiji cha wenyeji kilicho karibu. Kwa hiyo mwezi wa Mei, barafu inapovunjika, si wakati wa kulala popote kando ya mto huu.

Dubu na mbu

Hapa fungu la kokoto linaongoza kwa mbali. Upepo wa mtoni huwazuia mbu, nao mwezi wa Juni na Julai ni wengi kiasi cha kumfanya mtu mzima aache chakula chake na kukimbilia hemani. Zaidi ya hayo, kwenye fungu tupu unamwona dubu akiwa mbali, na yeye anakuona. Hifadhi hii ina dubu weusi na dubu wa kahawia, na migongano mingi hutokea pale mtu na mnyama wanapokutana ghafla kwenye kichaka.

Ukingo wa juu, kwa upande wake, una majani marefu, vichaka na njia za wanyama. Mahali palipokaliwa na watu zamani huwa na uwanda uliofyekwa ambao sasa umejaa matunda ya porini, na dubu huyapenda. Huwezi kuona mbali, upepo ni mdogo, na mbu wana pa kujificha. Ukichagua kulala hapa, chandarua cha kichwa ni cha lazima, na kila uendapo kuchota maji au kujisaidia, sema kwa sauti.

Ndani ya nyumba mbu hupungua sana na mtu hulala akiwa na kuta pande zote, jambo ambalo kwa msafiri wa mara ya kwanza lina thamani kubwa. Lakini mlango si kinga dhidi ya harufu. Dubu aliyesikia harufu ya chakula huvunja dirisha la nyumba ya magogo bila taabu, na akifaulu mara moja atarudi kwa mgeni ajaye. Kwa njia zote tatu, chakula na chochote chenye harufu, pamoja na dawa ya meno na sabuni, kikae ndani ya makopo magumu yasiyofunguka kwa meno ya dubu. Anayelala kwenye hema ayaweke makopo hayo hatua mia moja kutoka anapolala, na jiko lake liwe mbali na vyote viwili.

Mabaki ya kale

Kipimo hiki ndicho kinachoitofautisha kambi ya kihistoria na kambi ya kawaida, nami sioni aibu kukikalia kwa muda mrefu kuliko vingine.

Tazama chini ukiwa umesimama kwenye nyasi karibu na jengo lolote la wachimbaji. Utaona kopo la bati lililoliwa na kutu hadi likawa jembamba kama jani kavu, msumari uliopinda, kipande cha bomba, gogo lililokatwa ncha kwa shoka. Kwa mgeni ni takataka. Kwa mtafiti, mahali kopo lilipo, na kilicho kando yake, humweleza watu walikula nini, walitupa wapi na waliishi hapo muda gani. Kwa desturi ya uhifadhi nchini Marekani, kitu kilichovuka miaka 50 huanza kuhesabiwa kuwa cha kihistoria, na sheria ya shirikisho inakataza kukiondoa au kukiharibu kikiwa ndani ya hifadhi. Kukisogeza tu ili upate nafasi ya hema tayari ni hasara, kwa sababu habari iliyobebwa na mahali pake haiwezi kurudishwa.

Kwa kipimo hiki fungu la kokoto halina dosari. Mafuriko ya masika yajayo yataosha nyayo, majivu na alama ya hema, na hakuna kilichozikwa pale ambacho kitaharibika. Mtu anayelala kwenye fungu na kuvuka asubuhi kwenda kuangalia majengo ameyaacha majengo yakiwa kama alivyoyakuta.

Ukingo wa juu ndio wenye hatari kubwa, na wanaoharibu mara nyingi ni watu wema wasiojua. Kigingi cha hema hupenya moja kwa moja kwenye tabaka ambalo halijawahi kuchunguzwa. Shimo la choo huchimbwa palepale penye udongo laini, nao udongo huo mara nyingi ni laini kwa sababu ulikuwa jalala la zamani. Moto huwashwa juu ya mboji na majani yaliyoshindiliana, ambayo huungua chini kwa chini siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Mwaka 2004 Alaska iliunguliwa na zaidi ya hekta milioni 2.6 za misitu na nyika, na nyumba ya magogo makavu haina kinga mbele ya moto wa aina hiyo. Anayeamua kulala karibu na mabaki achague uwanda ulio wazi na uliokwisha kukanyagwa, asiegemeze kitu chochote kwenye ukuta, asiwashe moto wa kuni kabisa bali atumie jiko dogo la gesi, na aende kujisaidia mita 60 au zaidi kutoka majini na mbali na kila dalili ya kazi ya binadamu.

Kulala ndani ya nyumba kuna sura mbili. Kwa upande mmoja, jengo linalotumiwa kwa adabu hudumu kuliko lililofungwa, kwa kuwa anayelala humo ndiye huona paa linavuja na kuwaambia wahusika. Kwa upande mwingine, mshumaa mmoja ulioachwa, au bomba la moshi lililojaa masizi, linaweza kumaliza yote katika saa moja. Mbao za jengo na vyombo vyake vya zamani si kuni, hata kama zimelala chini na zinaonekana hazina kazi.

Kuna jambo jingine ambalo halina budi kusemwa. Si kila kibanda unachokiona mtoni ni cha umma. Ndani ya mipaka ya hifadhi kuna ardhi ya watu binafsi na ya mashirika ya wenyeji, na kambi za kuvulia samaki ambazo familia huzirudia kila mwaka. Kibanda kikuukuu chenye dirisha lililopigwa mbao kinaweza kuwa na mwenyewe. Ofisi ya hifadhi iliyopo Eagle ndiyo itakayokuonyesha vipi viko wazi na vipi si vyako kuvigusa.

Maji ya kunywa, moto na mzigo

Maji ya Yukon hayachujiki kwa urahisi. Mashapo huziba chujio katika dakika chache. Njia inayofanya kazi ni kujaza ndoo jioni, kutia chembe ya shabu kama unayo, na kuiacha itulie hadi asubuhi. Tope litakuwa limelala chini kama ugali mwembamba wa kijivu, nawe utateka maji ya juu polepole bila kuitikisa ndoo, kisha utayachemsha au kuyachuja. Kwenye fungu la kokoto hakuna njia nyingine, isipokuwa umejaza vyombo mapema kwenye kijito cha pembeni chenye maji angavu. Ukingo wa juu na nyumba ya magogo kwa kawaida viko karibu na kijito, maana wachimbaji na wasafirishaji wa zamani walijenga penye maji, na hilo ni punguzo kubwa la kazi. Hata hivyo maji angavu si lazima yawe salama, kwa hiyo yachemshwe vilevile.

Kwa kuni, fungu limebarikiwa: mto wenyewe huleta magogo makavu na kuyalaza hapo, na moto uliowashwa juu ya kokoto karibu na maji hauenei kwa urahisi. Tatizo lake ni vigingi, ambavyo havishiki kwenye kokoto. Fungia kamba za hema kwenye mawe makubwa kiasi cha kichwa cha mtu, kwa kuwa upepo wa mchana na wa jioni kwenye mto huu huja kwa nguvu na hema lisilofungwa husafiri.

Anayetegemea nyumba hubeba mzigo mwepesi kidogo, lakini asiache hema nyumbani. Nyumba za umma hapa ni za bure na anayewahi ndiye anayepata. Hakuna kuweka nafasi. Ukifika umelowa saa nne usiku ukakuta kundi jingine limelala, hema lako ndilo litakalokuokoa. Matandiko, sufuria na kuni za kurudishia vile ulivyotumia ni juu yako.

Historia

Anayelala kwenye fungu huitazama historia kama anayetazama ng'ambo. Ataona paa la Slaven's kwa mbali, atavuka asubuhi, atatembea hadi kwenye mashine ya dhahabu, atarudi na kuondoka. Kwa wengi inatosha.

Anayelala kwenye ukingo huipata saa ambayo wengine hawaipati. Karibu na nyuzi 65 za latitudo ya kaskazini, usiku wa mwezi wa Juni haupati kuwa giza kamili, na mwanga wa saa sita usiku hupita kwa ubavu na kuonyesha kila alama ya shoka kwenye magogo. Hapo ndipo mtu huona jinsi pembe za magogo zilivyokatwa ili zishikane bila msumari.

Aliye ndani anapata zaidi ya kutazama. Anawasha jiko, anakauka, anakaa pale walipokaa wabeba barua na wachimbaji. Familia ya Biederman, ambayo kambi yake ilikuwa kando ya mto huu, ilibeba barua kwa sledi, yaani vyombo vya kuteleza juu ya theluji vinavyovutwa na mbwa, kati ya Eagle na Circle hadi mwaka 1938, kazi ilipohamia kwa ndege, na nyumba za njiani ndizo zilizowezesha safari hizo katika baridi kali. Kulala ndani ya moja yazo kunaeleza kwa nini zilijengwa, namna ambayo kibao cha maelezo hakiwezi.

Mambo yakiharibika

Kote hakuna mtandao wa simu. Simu ya setilaiti au kifaa cha kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti ni cha lazima bila kujali utalala wapi, na msaada hata ukiitwa unaweza kucheleweshwa na moshi wa moto wa msituni au mawingu ya chini yanayozuia ndege ndogo kutua. Fungu la kokoto lina nafasi ya wazi ambayo huonekana kutoka angani, lakini halina kivuli wala makazi kwa mtu aliyelowa na kuanza kuganda. Ukingo una miti ya kukinga upepo. Nyumba ina jiko, na kwa mtu aliyepinduka majini hilo ndilo tofauti kubwa kuliko zote.

Mfano unaojulikana zaidi katika bonde hili unatoka kwenye Mto Charley, unaoingia Yukon ndani ya hifadhi hiyohiyo. Tarehe 21 Desemba 1943 ndege ya kijeshi ya B-24 ilianguka milimani, na rubani msaidizi Leon Crane, aliyeruka kwa mwavuli, akabaki peke yake katikati ya majira ya baridi. Alinusurika kwa zaidi ya siku 80 kwa sababu alikifikia kibanda cha mtegaji aitwaye Phil Berail, ambaye alikuwa ameacha humo akiba ya chakula na mavazi. Mwezi wa Machi 1944 alitoka akiwa hai. Kwa hiyo kuni kavu zilizopasuliwa na kuachwa karibu na jiko, kiberiti kikavu, na mlango uliofungwa vizuri si adabu ya kupendeza tu. Anayefuata anaweza kuwa hawezi tena kushika shoka.

Kila njia inamfaa nani

Fungu la kokoto linamfaa msafiri mwenye uzoefu wa mto, anayejua kusoma maji, anayependa nafasi na upepo, na ambaye hatachoka kuvuta mtumbwi mbali kila jioni. Linafaa pia kwa makundi makubwa, kwa kuwa watu kumi kwenye fungu hawaharibu kitu, ilhali watu kumi kwenye ukingo wenye mabaki wataacha njia mpya ardhini.

Ukingo wa juu unamfaa mtu mmoja au wawili wenye nidhamu, waliokuja hasa kwa ajili ya mahali penyewe, na walio tayari kukaa bila moto. Naukubali kwa masharti hayo. Asiyeweza kuyatimiza ana njia mbili nyingine nzuri.

Nyumba ya magogo inawafaa wenye watoto, wasafiri wa mara ya kwanza, waliolowa, na wale wanaosafiri mwishoni mwa Agosti na Septemba ambapo baridi ya usiku hufikia kuganda. Haimfai asiyetaka kushiriki chumba na wageni, wala anayesafiri kwa ratiba inayovunjika pindi asipopata nafasi.

Uamuzi kwa kila hali

Ikiwa ni Juni au Julai, hali ya hewa imetulia na mto haujapanda kwa siku mbili, lala kwenye fungu na uvuke asubuhi kutazama majengo. Utawakwepa mbu na hutaacha alama.

Ikiwa mvua imenyesha siku nzima, au maji yamebadilika rangi na kuanza kubeba magogo mengi, achana na fungu hata kama linapendeza. Nenda kwenye nyumba ya umma, na ikiwa imejaa, simika hema kwenye uwanda wa juu uliokanyagwa, mbali na ukingo unaomomonyoka.

Ikiwa mwenzako amelowa na anatetemeka, usihesabu chochote kingine. Nyumba ya umma iliyo karibu zaidi ndiyo jibu, na ukiwakuta watu ndani, waeleze hali. Kwa desturi ya mto huu hawatamfungia mlango mtu aliye hatarini.

Ikiwa mmekuja zaidi ya sita, gawanyeni mambo: kambi iwe kwenye fungu, matembezi yafanyike kwa makundi madogo, na nyumba waachiwe wenye kuihitaji zaidi.

Ikiwa umekuja kwa ajili ya historia na una siku ya ziada, tumia usiku mmoja ndani ya Slaven's na mmoja kwenye fungu la karibu. Mchana wa kati yake fuata Coal Creek hadi kwenye mashine ya dhahabu, tembea kuizunguka bila kupanda vyuma vyake vyenye kutu, kisha urudi mapema upasue kuni za mgeni atakayefika baada yako.